Mali Bila Daftari: Mazungumzo Kuhusu Uniti Zinazopotea Nyumbani



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kila aliyeketi hapa analijua: fedha ya umeme, maji na gesi, ambayo hutoka mfukoni kila juma na mara nyingi hakuna awezaye kueleza imekwenda wapi. Leo shilingi elfu mbili za LUKU, keshokutwa elfu tatu, Jumamosi elfu moja ili tu taa zisizime. Mwisho wa mwezi ukiuliza jumla yake, nyumba nzima hutazamana.

Hatukuja kuwaambia mkae gizani, wala mle chakula kibichi, wala muoge nusu ndoo. Huduma hizi zipo ili zitumike. Tunachotaka ni kwamba kila shilingi mnayolipa iwe imenunua kitu mlichokihitaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ndilo neno letu la leo, na mengine yote tutakayosema yanalifuata.

Uniti ni nini, na inauzwaje

Tuanze na umeme. Uniti moja ni kiasi cha umeme kinachotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Kifaa cha wati 100 kitachukua saa 10 kuimaliza uniti hiyo, na kifaa cha wati 5,000 kitaimaliza kwa dakika 12. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuifanya, na tunashauri apewe kazi hiyo.

Sasa bei. Katika mifano yetu tutatumia Agizo la Bei la mwaka 2016 pamoja na kodi na tozo za asilimia 22 zilizoambatana nalo, yaani asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya udhibiti. Bei na kodi hubadilika, hivyo kila mmoja asome risiti yake. Namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Chini ya agizo hilo, mteja mdogo wa majumbani, yule wa daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi hulipiwa shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida, wa daraja la T1, hulipa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Ukiongeza kodi na tozo, mteja wa D1 hulipa shilingi 122 ndani ya kiwango chake na shilingi 427 nje yake, na mteja wa T1 hulipa takriban shilingi 356.

Tuwaombe wenye D1 wasikilize kwa makini hapa. Uniti 75 za mwanzo zinakugharimu shilingi 9,150. Ukitumia uniti 100, zile 25 za ziada peke yake zinakugharimu shilingi 10,675. Robo ya matumizi yako imekula fedha nyingi kuliko robo tatu zilizotangulia. Na anayevuka kiwango mwezi hadi mwezi anaweza kuhamishiwa daraja la T1, ambako uniti zilezile 75 zitamgharimu zaidi ya shilingi 26,000. Kwa mama anayeuza maandazi au kijana mwenye kibanda cha kunyoa, tofauti hiyo ni sare ya shule ya mtoto.

Kiwango hicho cha uniti 75 ni sawa na uniti mbili na nusu kwa siku. Huo ndio mpaka wa kuulinda, na hauwezi kulindwa na mtu asiyejua amesimama wapi.

Daftari la Jumapili

Hapa ndipo linapokuja daftari. Umeme wa kulipia kabla una faida nyingi, lakini una tabia moja ya kuangaliwa: kwa kuwa tunaununua kidogo kidogo, hatuoni jumla. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni mshahara.

Tunawaomba kila nyumba itenge daftari moja na kulitundika karibu na mita. Kila Jumapili, saa ileile, andika salio la uniti linaloonekana kwenye mita. Kila mnaponunua umeme, andika uniti mlizopata, si fedha tu. Jumapili inayofuata fanyeni hesabu hii: salio la juma lililopita, ongeza uniti mlizonunua, toa salio la leo. Jibu ndilo matumizi yenu ya siku saba.

Mfano: juma lililopita mita ilisoma uniti 18. Katikati mmenunua uniti 14. Leo inasoma uniti 15 na nusu. Mmetumia uniti 16 na nusu. Gawanya kwa siku 7, zidisha kwa siku 30, mtapata karibu uniti 71 kwa mwezi. Familia ya D1 inayosoma namba hiyo inajua kwamba imebakiwa na uniti nne tu kabla ya kuufikia mpaka, na inajua hivyo mapema, kabla fedha haijatoka.

Daftari hili lina faida nyingine ambayo ni kubwa kuliko fedha. Katika mazungumzo yetu na watumiaji tumesikia mara nyingi lawama zikianguka juu ya mtu asiye na nguvu ya kujitetea: dada wa kazi, mtoto aliyesahau kuzima taa, au mgeni aliyelala siku mbili. Wanaomlaumu mara nyingi hawajapiga hesabu yoyote. Mkishaandika namba kwa majuma manne, mtajua ni kifaa gani kinachokula umeme wenu, na huenda mkaona kwamba mtu mliyemshuku hakuhusika.

Vifaa vya joto ndivyo vinavyokula

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kifaa kinachotoa joto hula sana, kifaa kinachotoa sauti au picha hula kiasi, simu hula kidogo mno. Simu ya kawaida ikichajiwa kila siku haifikishi uniti moja kwa mwezi. Kuchomoa chaja ni jambo jema kwa usalama, lakini anayetafuta uniti zake zilizopotea asianzie hapo.

Aanzie kwenye hita ya kuogea, kama anayo. Tuchukue hita inayopasha maji papo kwa papo, yenye wati 5,000. Mtu mmoja akioga kwa dakika 10 hutumia uniti 0.83. Watu wanne, kila mmoja mara moja kwa siku, hutumia zaidi ya uniti 3, na kwa mwezi hufika uniti 100. Kwa mteja wa T1 hizo ni takriban shilingi 35,600 kwa kuoga tu. Mkioga kwa dakika 5 kila mmoja, mmeokoa nusu yake. Na Dar es Salaam, Tanga au Mtwara katika miezi ya joto, kuna siku nyingi ambazo swichi ya hita haina sababu ya kuguswa.

Birika la umeme nalo ni hivyohivyo. Kuchemsha lita moja ya maji huchukua takriban uniti 0.1. Anayejaza birika zima ili apate kikombe kimoja cha chai, kisha baada ya saa mbili akalichemsha tena, analipia maji ambayo hakuyanywa. Pima kwa kikombe. Yakibaki maji ya moto, yatieni kwenye chupa ya chai.

Pasi ya wati 1,200 ikitumika dakika 15 kila asubuhi kwa siku 26 inaweza kula hadi uniti 7.8. Nguo za juma zima zikipigwa pasi kwa pamoja kwa saa moja, kwa mwezi ni uniti zisizozidi 4.8, kwa sababu pasi haianzi kupashwa upya kila siku. Anza na nguo nzito pasi ikiwa na moto mkali, malizia na nyepesi baada ya kuizima, kwa joto lililobaki.

Jokofu halizimwi ovyo, hasa lenye dawa ndani yake au chakula kinachoharibika. Lakini lina mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, mpira wa mlango: funga mlango ukiwa umebana karatasi, karatasi ikivutika bila kukaza, baridi inatoka na mashine haipumzi. Pili, barafu ikishakuwa nene, iyeyusheni. Tatu, chakula cha moto kipoe kwanza nje, lakini kisiachwe kikalala huko, na jokofu lisibanwe ukutani kiasi cha kukosa hewa kwa nyuma.

Na taa? Taa ya zamani ya wati 60 inayowaka nje kwa ajili ya usalama kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi hutumia uniti 21.6 kwa mwezi. Kwa mteja wa D1, taa hiyo moja imekula zaidi ya robo ya kiwango chake cha uniti 75. Taa ya LED ya wati 9 mahali hapohapo hutumia uniti 3.24. Tofauti ni zaidi ya uniti 18. Huna haja ya kulala gizani wala kuwarahisishia wezi kazi: badilisha balbu moja, ile inayowaka muda mrefu kuliko zote. Nyingine zitafuata fedha ikipatikana.

Mita moja, wapangaji sita

Wengi wenu mnaishi katika nyumba za kupanga zenye mita moja. Tunajua ugomvi unaotokana na jambo hili, na tunajua kwamba umewahi kuvunja ujirani mwema.

Mara nyingi wapangaji huchanga sawa kwa sawa. Ni njia rahisi, lakini tuipime. Chumba cha kwanza kina balbu ya wati 9 inayowaka saa 5 na simu moja: kwa mwezi ni karibu uniti 2. Chumba cha pili kina balbu na simu kama hizo, na pia feni ya wati 50 inayozunguka saa 8 na runinga ya wati 80 inayowaka saa 5: feni uniti 12, runinga uniti 12, jumla uniti 26. Wakichanga sawa, kila mmoja analipia uniti 14. Bibi wa chumba cha kwanza, ambaye huenda ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote, analipia feni ambayo haimpulizi.

Ushauri wetu ni kwamba wapangaji wakae pamoja na mwenye nyumba, waandike vifaa vya kila chumba, wati zake na saa za matumizi, kisha wagawane mchango kwa uwiano huo. Taa ya nje na ya uani igawanywe kwa wote. Karatasi hiyo isainiwe na kubandikwa palepale kwenye mita, na irudiwe kila mpangaji anapoingia, anapotoka au anaponunua kifaa kipya. Vyumba sita kwenye mita moja huuvuka mpaka wa uniti 75 mapema, kwa hiyo mwenye nyumba aulize ofisi ya mtoa huduma kuhusu mita za ziada. Palipo na mita ndogo za ndani, mpangaji ana haki ya kuisoma yake mwenyewe.

Maji

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Anayenunua ndoo kwa shilingi 100 analipa shilingi 5,000 kwa uniti. Linganisha na bei iliyo kwenye ankara ya mamlaka ya maji ya eneo lako kabla hujasema kwamba bomba ni ghali.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho tunawaomba mkifanye usiku wa leo. Kabla ya kulala fungeni koki zote, andikeni namba iliyo kwenye mita ya maji. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kutumia maji, someni tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali fulani, na mnayalipia. Tazameni koki zinazodondosha, tanki linalofurika, na choo cha kuvuta. Kwa choo, tieni rangi kidogo ya chakula kwenye tangi lake; rangi ikionekana bakulini bila mtu kuvuta, mpira wa ndani umechoka. Bei ya mpira huo ni ndogo.

Kwa koki inayodondosha, wekeni ndoo chini yake. Ikikusanya lita 20 kwa siku, kwa mwezi ni lita 600, zaidi ya nusu uniti iliyomwagika. Vyombo vioshwe katika beseni. Koki inayotoa lita 6 kwa dakika, ikiachwa wazi kwa dakika 10, imemwaga ndoo tatu.

Gesi na mkaa

Maji yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto. Huongeza mvuke tu. Kwa hiyo chungu kikichemka, punguza moto na ufunike. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yapikwe kwa mengine. Yataiva kwa muda mfupi zaidi, na gesi itadumu. Anayetumia mkaa naye ataona kopo moja likitosha palipohitaji mawili. Moto wa gesi ukiwa wa njano na masufuria yakishika masizi, jiko linahitaji kusafishwa.

Unaponunua gesi, omba mtungi upimwe kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Uongeze kilo za gesi ulizolipia, na jumla ilingane na mizani. Kisha andika katika daftari lile lile tarehe uliyoufunga. Mtungi uliodumu siku 40 mara zote, ukiisha kwa siku 25 bila wageni wala sherehe, unakuambia uangalie mpira, au muuzaji.

Mahali pasipobanwa matumizi

Kuna akiba ambayo ni hasara. Msibane fedha kwenye mpira wa gesi, kwenye nyaya za umeme, wala kwenye maji ya kunawa mikono. Na msimkaribishe kishoka anayeahidi kuifanya mita isome kidogo. Kuchepusha umeme ni kosa la jinai, na waya uliochezewa huunguza nyumba pamoja na waliolala ndani yake. Kishoka hatakuwepo siku hiyo.

Kosa lisipokuwa lenu

Ziko nyakati ambapo tabia za nyumbani hazina lawama. Umezima vifaa vyote na mita bado inakata uniti. Umefunga koki zote, huoni uvujaji, na ankara imepanda mara tatu. Hapo usinyamaze. Andika malalamiko kwa mtoa huduma, taja namba ya mita, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Usipopata jibu, au usiporidhika nalo, leta shauri kwetu pamoja na nakala ya barua hiyo.

Na uje na daftari lako. Mlalamikaji anayesema “bili yangu ni kubwa” anatupa kazi ya kuanza upya. Mlalamikaji anayesema “kwa majuma 10 nilitumia kati ya uniti 15 na 17, juma la 11 zikawa 40, na hakuna kifaa kilichoongezeka” ametuletea ushahidi. Daftari lililoanzishwa kwa ajili ya kuweka akiba litakuwa pia limemlinda mwenyewe.

Ndugu zetu, bei ya huduma hupangwa kwa utaratibu wake, na mnayo nafasi ya kutoa maoni inapojadiliwa hadharani, tunawasihi mje. Lakini dakika za kuoga, balbu ya nje na koki ya uani havisubiri kikao. Jumapili hii andikeni namba ya kwanza. Baada ya majuma manne, mtajua wenyewe pa kuanzia.